Mwenye Kovu Usidhani Kapoa

*Lola Arias ni mwanamke wa jukwaani kutoka Argentina. Aliamua kuwakalisha pamoja wanaume waliowahi kurushiana risasi, akawaambia: haya, simulieni. Yaliyotokea yanamhusu kila mwenye mume, baba au mpenzi mkimya.*

"Una nini leo?"

"Sina kitu."

"Mbona umenyamaza?"

"Nimechoka tu."

Mpenzi msomaji, naamini mazungumzo haya unayajua. Pengine umeyafanya jana usiku. Mmoja anauliza, mwingine anageukia ukutani, taa inazimwa. Asubuhi mnaamka, mnakunywa chai, mnakimbilia kazini, na lile swali linabaki pale kitandani kama shuka ambayo haijakunjwa.

Sasa hebu fikiria huyo anayesema "sina kitu" ana miaka zaidi ya ishirini akisema hivyo hivyo, na alichonacho ni vita. Mkewe anajua tu kwamba zamani mume wake alikuwa askari. Watoto wanajua kuna sanduku la nguo za jeshi lisiloguswa. Basi. Hapo ndipo maarifa ya familia kuhusu baba yanapoishia.

Wanaume wa namna hii ndio Lola Arias aliowafuata. Hakuwafuata na sindano wala vidonge, maana yeye si daktari. Alikwenda na kamera, kinasa sauti na uvumilivu mwingi. Alichokipata kimezunguka kumbi za nchi nyingi, na kina somo kubwa kwetu sisi ambao hata bunduki hatujawahi kuishika.

Lola ni nani hasa?

Lola alizaliwa Buenos Aires mwaka 1976, mwaka uleule wanajeshi walipopindua serikali ya Argentina. Ni mwandishi, mwongozaji wa tamthilia, mwigizaji na mwanamuziki. Yaani ni msanii kamili, mtu ambaye angeweza kuishi raha mustarehe akitunga hadithi za mapenzi na kupigiwa makofi.

Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka ule Argentina hawezi kukwepa historia. Utawala wa kijeshi ulidumu hadi 1983. Watu walikamatwa usiku na hawakuonekana tena. Mashirika ya haki za binadamu ya nchi hiyo yanasema idadi yao inafikia 30,000. Kizazi cha Lola kilikulia katika nyumba ambazo wazazi walikuwa na mambo wasiyoyasema.

Mwaka 2009 akatoa tamthilia iitwayo *Mi vida después*, yaani "Maisha yangu baadaye". Hapo ndipo alipoanza kubadilisha mchezo. Vijana waliopanda jukwaani hawakuigiza watu wa kubuni. Walikuja na picha, barua na nguo za wazazi wao, wakajaribu kuyaigiza maisha ya wazazi hao walipokuwa vijana. Mtu anavaa koti la baba yake mbele ya watu na kujiuliza: huyu mzee alikuwa nani kabla sijazaliwa?

Swali hilo ndilo lililomfikisha kwa maveterani. Mwaka 2014 alitengeneza kazi ya video ambamo wanaume wa Argentina waliopigana mwaka 1982 waliigiza kumbukumbu zao za vita katika maeneo yao ya maisha ya leo. Kilichomvutia Lola hakikuwa mizinga na mbinu za kivita. Alitaka kujua inakuwaje kwa mtu baada ya vita, pale anaporudi nyumbani na kuambiwa aendelee na maisha kama wengine.

Baada ya kuwasikiliza hao, likabaki jambo moja. Na upande wa pili je? Adui naye ana la kusema?

Siku 74 tu

Kwa wale ambao somo la historia liliwapitia pembeni, tukumbushane. Kusini mwa bahari ya Atlantiki kuna visiwa ambavyo Waingereza wanaviita Falkland na Waargentina wanaviita Malvinas. Kutoka pwani ya Argentina ni kama kilomita 500. Kutoka Uingereza ni karibu kilomita 13,000. Hata hivyo bendera iliyokuwa ikipepea pale ilikuwa ya Uingereza, na mpaka leo ndiyo inayopepea.

Mwaka 1982 majenerali wa Argentina walikuwa na hali mbaya. Uchumi umeyumba, wananchi wamechoka. Tarehe 30 Machi watu waliandamana mjini Buenos Aires, wakapigwa. Siku tatu baadaye, tarehe 2 Aprili, jeshi likavamia visiwa, na uwanja uleule wa maandamano ukajaa watu wakishangilia. Jenerali Galtieri akapata alichokitaka, kwa muda mfupi. Kule London, Margaret Thatcher akatuma meli za kivita.

Vita vilimalizika tarehe 14 Juni kwa Argentina kusalimu amri. Siku 74. Waliokufa ni Waargentina 649, Waingereza 255 na raia watatu wa visiwa. Wengi wa askari wa Argentina walikuwa vijana wa miaka 18 na 19 walioingia jeshini kwa mujibu wa sheria. Fikiria mdogo wako aliyemaliza shule juzi, amepewa bunduki, amewekwa kwenye handaki lenye maji ya barafu, chakula hakifiki, na juu yake ndege zinapita.

Waliporudi, Argentina haikuwapokea kwa ngoma. Walirudishwa kimyakimya, na wengine walitakiwa kusaini karatasi ya kuahidi kwamba hawatasema waliyoyaona. Waingereza walipokelewa kwa bendera na vifijo bandarini, lakini bendera zilipokunjwa, nao wakabaki na ndoto mbaya zao. Aliyeshinda na aliyeshindwa wote wakarudi kwa wake zao na kusema, "Nimechoka tu."

Maadui sita, jukwaa moja

Mwaka 2016, miaka 34 baada ya vita, tamthilia ya Lola ikaonyeshwa Uingereza. Kwa Kihispania inaitwa *Campo minado*, kwa Kiingereza *Minefield*. Kwa lugha yetu tungesema "Uwanja wa mabomu ya kutegwa". Jukwaani hakuna mwigizaji wa kusomea. Kuna wanaume sita wenye umri wa makamo, watatu waliopigania Argentina na watatu waliopigania Uingereza. Nikutambulishe.

Lou Armour alikuwa askari wa majini wa Uingereza. Siku ya uvamizi alitekwa, na picha yake akiwa mikono juu ikatokea kwenye magazeti. Baadaye akawa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu.

David Jackson naye ni Mwingereza. Vita nzima kazi yake ilikuwa kusikiliza redio na kuandika ujumbe wa siri. Alipotoka jeshini akawa mshauri nasaha, akisikiliza maveterani wenzake. Kusikiliza kwa bunduki, kusikiliza kwa amani.

Sukrim Rai ni Mgurkha, yaani mtu wa Nepal aliyepigana katika jeshi la Uingereza. Wagurkha wanasifika kwa visu vyao. Baada ya jeshi, Sukrim alifanya kazi ya ulinzi. Katika ugomvi ule wa Waingereza na Waargentina, yeye hakuwa na kisiwa wala lugha.

Rubén Otero wa Argentina alikuwa ndani ya manowari *General Belgrano* ilipopigwa na nyambizi ya Waingereza tarehe 2 Mei. Walikufa watu 323 katika meli ile, karibu nusu ya vifo vyote vya Argentina. Rubén alinusurika. Na unajua anapiga muziki gani? Nyimbo za Beatles! Ana bendi inayoiga vijana wale wa Liverpool. Waingereza waliizamisha meli yake, na Waingereza wengine ndio waliompa muziki anaoupenda.

Gabriel Sagastume alikuwa askari ambaye hakutaka kabisa kufyatua risasi. Baadaye akawa mwanasheria.

Marcelo Vallejo alikuwa akielekeza shabaha ya mizinga. Baada ya vita alipitia giza nene, na kwa miaka hakutaka hata kusikia Kiingereza kikizungumzwa karibu yake. Kilichomsaidia kusimama ni michezo. Akawa bingwa wa triathloni, ule mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia.

Wanaume hawa walifanya mazoezi pamoja mjini Buenos Aires. Waingereza wakalala na kula katika mji wa waliokuwa maadui zao. Kila mmoja anazungumza lugha yake na tafsiri inaonekana juu kwa maandishi. Wanaleta magazeti ya zamani, picha na barua. Wanavaa barakoa za Thatcher na Galtieri. Wanapiga gitaa na ngoma kwa kelele, kisha wanawageukia watazamaji kwa wimbo wa maswali mazito. Yaani ulikwenda kuangalia tamthilia, unaondoka umehojiwa.

Kuna sehemu Marcelo na David wanakaa kama mgonjwa na mshauri wake. Yule aliyekuwa hawezi kuvumilia Kiingereza anafungua moyo mbele ya Mwingereza. Wahenga walisema adui mpende. Sijui kama walifikiria hali hii.

Chozi la Lou

Kisa kilichonikaa zaidi ni cha Lou.

Baada ya kutekwa, Lou alirudishwa kwao, kisha akapelekwa tena vitani. Katika mapigano akakutana na askari wa Argentina aliyekuwa anakata roho. Yule mtu akaanza kumsemesha kwa Kiingereza, akimwambia kwamba aliwahi kufika Uingereza. Na akafa.

Unaelewa uzito wake? Adui akiwa mbali, amevaa kofia ya chuma, anapiga kelele kwa lugha usiyoijua, ni rahisi kumchukia. Akikuambia maneno unayoyaelewa, tena habari za kwenu, anakuwa mtu. Anakuwa kama jirani. Na tayari amekwisha.

Miaka michache baada ya vita Lou alikisimulia kisa hicho kwenye filamu ya televisheni huko Uingereza, na akalia. Sasa sikiliza kilichomsumbua kwa miaka mingi baada ya hapo: aliona aibu. Wenzake waliokufa aliwafahamu kwa majina, lakini chozi lililoonekana na nchi nzima lilikuwa la mtu wa upande wa pili. Alijiona kama amewasaliti.

Mwaka 2018 Lola alitoa filamu yake, *Teatro de guerra*, yaani "Jukwaa la vita", akiwatumia wanaume walewale sita. Humo kisa cha Lou kinarudi tena na tena. Anakisimulia. Kinaigizwa na wenyewe. Halafu vijana wenye umri ambao wao walikuwa nao mwaka 1982 wanaletwa kuwaigiza, na wazee wanasimama pembeni wanatazama. Wanaona jinsi walivyokuwa wadogo. Watoto kabisa!

Mimi niliitazama filamu hiyo Jumamosi moja jioni kwenye kompyuta, mume wangu akiwa pembeni anasubiri mpira uanze. Nilidhani atasinzia. Walipoingia wale vijana, akasogeza kiti. Mpira ulianza, ukaisha, wala hakuna aliyekumbuka.

Je, kusimulia kunaponya?

Hapa tuwe wakweli, kwa sababu magazeti kama haya yetu hupenda kumaliza kila kisa kwa kukumbatiana.

Maigizo si hospitali. Mtu mwenye majeraha ya akili ya vita, anayeshtuka usiku, anayekunywa ili asahau, anayepiga watu wa nyumbani kwake, anahitaji wataalamu. Kumpandisha jukwaani si matibabu. Na kuna hatari nyingine: kisa unachokisimulia kila usiku kwa miaka kinaweza kugeuka maneno ya kukariri. Chozi linakuja kwa saa. Filamu ya Lola haifichi hilo, ndiyo maana inamwonyesha Lou akirudia na kurudia, mpaka mtazamaji unaanza kujiuliza: huyu bado anakumbuka, au sasa anaigiza?

Kuna pia suala la kisa ni cha nani. Waliokufa 907 hawakuulizwa. Wajane hawako jukwaani. Na wanaume wale sita hawajakubaliana visiwa ni vya nani. Tamthilia ilipoisha kila mmoja alibaki na jibu lake. Wengine wanaweza kusema basi kazi bure.

Mimi nasema hapana. Angalia walichokipata. Kwa miaka zaidi ya thelathini kila mmoja alikuwa na kisa kimoja kichwani, chenye adui mmoja asiye na sura. Walipokaa chumba kimoja, Rubén akaweza kusema meli ilivyozama mbele ya watu waliokuwa upande wa waliozamisha, na wao wakasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Jaribu wewe kufanya hivyo katika ugomvi wa vyombo vichafu tu, halafu uniambie ni rahisi.

Lola hakuwapatanisha kwa hotuba. Aliwapa kazi ya kufanya pamoja, akawauliza maswali madogo madogo ya vitu: ulivaa nini, ulibeba nini, uliimba nini, uliporudi ulilala wapi. Mtu ambaye hawezi kujibu swali la "ulijisikiaje" mara nyingi anaweza kujibu la "ulikula nini siku ile". Na kupitia chakula, baridi, viatu vilivyolowa, mengine yanafuata yenyewe. Mwaka 2024 Norway ilimpa Lola Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen, moja ya tuzo kubwa kabisa duniani za watu wa jukwaa. Kwa maoni yangu wamempa kwa sababu ana masikio.

Wewe na mkimya wako

Huenda nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kuvaa magwanda. Huenda mwenzi wako hakuwahi kwenda vitani, lakini ana vita yake: msiba, ajali, utoto mgumu, ndoa iliyovunjika kabla yako. Kutokana na kazi ya Lola, nimejiokotea haya:

- Anza na kitu. Picha ya zamani, saa ya mkononi, wimbo. "Hii ulipiga wapi?" ni mlango mpana kuliko "Niambie kinachokusumbua."

- Uliza habari za baada. Watu wengi huulizwa tukio, ajali ilikuwaje, vita vilikuwaje. Wachache huulizwa: kesho yake uliamkaje?

- Usisahihishe. Ukianza na "lakini wewe mwenyewe ulikosea", umefunga duka. Hukumu ina siku yake.

- Kubali kisa kirudiwe. Akikisimulia mara ya nne, usiseme "hiyo nishaisikia". Mara ya nne ndipo kipande kilichofichwa hutoka.

- Heshimu mlango uliofungwa. Asipotaka, acha. Mwonyeshe tu kwamba upo. Na ukiona anajiumiza au anaumiza wengine, tafuta mtaalamu, usijifanye shujaa.

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu limefunga juu, ngozi inang'aa, tunadhani yamekwisha. Tunaoa, tunazaa, tunajenga, na chini yake pabichi. Wanaume wale sita walikuwa na kazi, familia, mmoja hata na vikombe vya ubingwa. Ungewakuta barabarani ungesema wazee wazima wametulia. Ilibidi aje msichana aliyekuwa na miaka sita hivi vita vilipopiganwa, awaulize kilichotokea, na akae chini kusubiri majibu.

Kuhusu ile Jumamosi yetu: filamu ilipoisha, nilifunga kompyuta, hatukuwasha taa. Baada ya muda mume wangu akaniambia jambo kuhusu marehemu baba yake, ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulisikia. Sitaliandika hapa, ni lake. Nilimwuliza swali moja tu, baba siku hiyo alikuwa amevaa nini.

Tukaongea mpaka saa nane usiku.